Bolti Iliyobaki

Asubuhi nilikuta dimbwi la kijani chini ya pikapu.
Dakota Kaskazini, Novemba, nyuzi kumi chini ya sifuri,
na ng'ombe sitini wasiojua rejeta ni kitu gani.
Wanachojua: robota la nyasi halijafika.

Nikatandika kadibodi kwenye sakafu ya banda,
nikajilaza chali, nikafungua koki ya chini.
Maji yakalia ndani ya beseni.
"Mfukuze paka," alisema Arlys kutoka mlangoni,
"ni matamu hayo, na yanaua."
Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza.

Mpira wa juu ulitoka kwa kisu.
Wa chini ulitoka na ngozi ya kidole.
Mabomba mawili ya oili ya gia yakanitemea wekundu kiganjani.
Feni ndiyo iliyokataa:
nati kubwa kama ngumi, nami nina mikono miwili tu,
mmoja wa kuzuia puli, mmoja wa kushika spana.
Wa tatu, wa nyundo, sikuzaliwa nao.

Nilizaliwa na Verlyn.
Mwaka wa tatu huu hatusemezani
kwa ajili ya ekari themanini za baba, kando ya reli.
Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime:
jirani yetu Hauglund hakungoja aambiwe mara mbili.
Amezikodi, amepanda alizeti,
na kila Agosti maua yote yanatazama mashariki,
yanatupa kisogo sote wawili.

Arlys ndiye aliyepiga simu. Sikumtuma.
Nilisikia matairi kwenye changarawe.
Akaingia, akachungulia, akavua glavu kwa meno.
"Unaifungulia upande gani?"
"Kushoto, kama nati zote."
"Hii si kama zote. Inafunguka kinyume."
Akagonga mara moja. Ikaachia.

Basi tukaongea namba.
Kumi. Kumi na tatu. Hapana, kumi.
Shika hapo. Umeshika?
Nimeshika.
Inua.

Rejeta kuukuu ikatoka kama jino.
Katikati ya mapezi yake, panzi wakavu wa viangazi vingi;
wengine, nilipiga hesabu, wa enzi za baba.
Sikumwambia. Alikuwa anawatazama yeye pia.

Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Vidole vyetu vilichubuka kwenye kona moja ya bati lile lile,
na maji haya nayo mazito, yanateleza, hayataki kuganda.
Sijui kipi kilikishinda kipi kwa uzito.
Vyote vilidondoka kwenye beseni moja,
nikalibeba mbali na paka.

Rejeta mpya ilikuwa nyepesi hata ikatutia shaka.
Tukaipachika, tukakaza, tukarudisha betri zote mbili,
tukajaza polepole. Injini ikakohoa, ikashika.
Yeye akaminya mpira wa juu, mimi nikatazama mdomo wa rejeta:
viputo, viputo, kimya, kiputo.
Halafu thamostati ikafunguka na maji yakashuka ghafla
kama mtu aliyemeza alichotaka kusema.
"Ongeza," alisema Verlyn.
Nikaongeza.
Hita ikaanza kupuliza joto kwenye viti visivyo na watu.

Tukalala kwenye kadibodi moja, bega kwa bega,
tukingoja tone.
Halikuja. Tukakaa kidogo zaidi, kwa uhakika.

Kwenye trei ilibaki bolti moja. Ya kumi, kichwa kimesagika.
Tukazunguka gari mara mbili; kila tundu lilikuwa na chake.
"Hii itakuwa ya..." alianza, akaacha.
Akaitia mfukoni.
"Kitu kikigonga," alisema, "utanipigia."

Nikamjibu hakuna kitakachogonga.
Nikapakia robota. Ng'ombe walikuwa wamejipanga kwenye uzio.
Njia nzima ya kwenda malishoni
nilizima redio, nikatega sikio.