Kiuno cha Chuma

Bohdana huvunja vyuma kwa mshahara.
Mwaka wa kumi na tisa sasa, Ostrava, maabara ya chini ya ardhi,
dirisha moja, na nje yake kilima cha makaa kilichovaa theluji.
Huletewa nondo, mataruma, nyaya zilizowahi kushusha wachimbaji shimoni.
Hukibana kipande juu na chini,
hubonyeza kitufe cha kijani,
hungoja.

Mwanzo chuma huvumilia.
Kiachie hapo, kitarudi kilivyokuwa,
hakina kinyongo.
Kisha mstari uliokuwa ukipanda kwenye karatasi
unasita, kama mtu aliyepatwa na kigugumizi,
unashuka unywele mmoja, unaendelea.
Baada ya hapo hata ukikiachia
hakirudi.
Kwa macho huoni kitu.
Radovan, mwanagenzi, huuliza kila mara: "Kimekatika?"
"Bado. Kimekubali tu."

Mama yake hugeuzwa kitandani saa sita na saa tisa za usiku.
Ctibor, tangu mgodi ufungwe, huketi jikoni
akimenya viazi kuliko vinavyohitajika.
Bili ya gesi iko chini ya kopo la chumvi,
na nyingine juu yake.
"Waendeleaje, Bohdana?"
"Naendelea."

Kamba hukatikia pembamba,
husema wasiovuta kamba.
Yeye ameona vyuma elfu ngapi:
wembamba haupo mwanzoni.
Kipande kizima kina unene mmoja, hakina pa kulaumiwa,
mpaka mzigo wenyewe uchague mahali.
Hapo chuma hupata kiuno, taratibu, karibu kwa madaha,
na kila uzito unaoongezwa
hukimbilia kiunoni.

Alhamisi ile kifungo cha koti lake
kilidondoka, kikabiringika chini ya mashine.
Akapiga magoti kukitafuta.
Radovan alihesabu mvuto kwa sauti, kama alivyofunzwa:
arobaini, arobaini na mbili, arobaini na mbili,
akageuka kuuliza.
Alikuwa bado magotini, kipaji kwenye sakafu ya saruji,
mabega yakienda yenyewe.
"Ni kifungo," alisema. "Ni kifungo tu. Ni kifungo."

Mlio ulikuja juu yake, ule wa kawaida,
kama mlango uliopigwa na upepo katika nyumba isiyo na watu.
Hakuna aliyeandika namba.

Kijana hakujua la kufanya, akashika alilolijua:
chuma kikikatika, unavitoa vipande viwili,
unaviunganisha kwa vidole, polepole, meno kwa meno,
upime kilivyorefuka kabla ya kushindwa.
Siku zote huwa kirefu kuliko ulivyodhani.
Na usiguse upesi, alimwambia mwenyewe wiki ya kwanza,
huku akimwonyesha kovu la kidole:
penye mkato pana moto.

Akazima mashine.
Akaketi sakafuni, hatua mbili kutoka kwake,
akangoja papoe.