Maoni ya Mziba Pancha

Mimi naziba pancha hapa Oli, mjini Arua,
mkabala na kibanda cha video cha Onzima,
kwa hiyo filamu nyingi nazisikia kabla ya kuziona.
Usiniulize majina ya waigizaji.
Niulize kama ilinoga.

Za vita, sawa, ila wapunguze risasi.
Bunduki moja, watu arobaini chini,
na jamaa hajabadilisha hata magazini.
Uongo nao una kipimo chake.
Mama yangu alivuka mpaka pale Koboko na sufuria kichwani;
anasema vita ni kutembea,
kutembea, na kumnyamazisha mtoto.
Hiyo bado sijaiona.

Za karate naziheshimu.
Lakini maadui ishirini wanamzunguka mtu mmoja,
kisha wanamwendea kwa zamu, kwa adabu,
kama wagonjwa wenye namba hospitali ya rufaa!

Za kutisha hunichekesha mchana.
Taa imezimika, ghorofani kuna kitu kinakwaruza,
na binti anapanda ngazi kukiuliza, "Ni nani?"
Binti wa huku angekuwa ameshafika kwa jirani
viatu mkononi.
(Usiku nikifunga pampu, hata hivyo,
naifunga haraka.)

Za Kihindi sina neno baya.
Saa tatu kwa shilingi mia tano,
ndugu waliopotezana wanatambuana kwa kovu,
na ng'ombe analia pia.

Za mapenzi, muulize Ayikoru wa chapati.
Mimi nashangaa tu: wanabusiana mvuani hadi wanalowa chepechepe,
hakuna anayepiga chafya.

Za anga za juu nilizidharau
mpaka siku chombo kilipotoboka,
tundu dogo, upande wa nyuma, hewa inavuja fyuuu.
Nikaketi wima. Hapo sasa mnaongea lugha yangu.
Wale wasomi wote, na helmeti zao,
hakuna aliyebeba kiraka.

Kuna moja iliyomfukuza kila mtu.
Bibi anamenya viazi. Anamenya viazi.
Dirishani, theluji. Anamenya.
Vijana wa boda walidai hela zao na Onzima akawarudishia.
Ayikoru alibaki, nami nikabaki kwa ajili ya Ayikoru,
na nitasema ilikuwa ovyo,
ila ni miaka sita sasa
na lile ganda refu lisilokatika bado naliona.

Ukitaka iliyo bora kuliko zote, ni ile ya ndugu wawili wezi.
Dakika ya themanini, mkubwa yuko darajani,
polisi huku, polisi kule,
umeme ukakatika.
Jenereta haina petroli.
Tukaanza kupiga mbao za mabenchi.
Onzima, aliyekuwa akitutafsiria tangu mwanzo,
akawasha tochi chini ya kidevu chake
akaendelea, kana kwamba picha bado inakwenda:
"Anaruka mtoni. Anaogelea usiku kucha.
Asubuhi anafika kwa mkewe na ng'ombe wanne,
anapiga magoti mlangoni, na mke anasema,
'Kwanza wape maji hao wanyama.'"
Hakuna aliyeuliza ng'ombe wametoka wapi
katika mji ule wa barafu na maghorofa.
Tulitoka gizani tukicheka, wengine wakifuta macho.

Mwaka jana, Lira, nikaipata diski yake.
Darajani wanampiga risasi. Anaanguka.
Majina yanapanda.
Nikairudisha nyuma nikaitazama tena,
taratibu, pembe zote za picha,
nikitafuta ng'ombe.

Yule mwongozaji alikuwa na magari, madaraja, helikopta,
na kumaliza hakujua.

Haya, leta hilo gurudumu.
Elfu mbili. Msumari huu hapa, umeuona?
Kaa tu kwenye ndoo.
Leo kuna ya mahakamani, maneno matupu;
utaisikia yote ukiwa hapa.