Kushoto, Kulia

Aminieli, mtoto wa dada, yuko mwaka wa nne pale hospitali.
Amekuja dukani Dabo Rodi na kompyuta mpakato
na visikizio vikubwa kama kata za mbege.
"Mama mdogo, utasikia vicheko arobaini.
Cha kweli, bonyeza kushoto.
Cha kujilazimisha, kulia.
Usifikiri."

Miaka kumi na tisa nauza vitenge.
Nani wa kunifundisha kicheko?
Najua cha mwenye deni: kinatangulia mlangoni kabla ya miguu yake.
Najua cha karani wa leseni.
Nami ninacho changu, hukivaa saa mbili asubuhi
pamoja na tepu ya kupimia,
hukivua jioni, mashavu yakiuma.

Kulia. Kulia. Kushoto. Kulia.
Cha kujilazimisha kinapitia puani,
kila "ha" imepigwa pasi.
Cha kweli hakina adabu: kinapanda, kinakatika,
pumzi inakamuliwa mbavuni mpaka unabaki mluzi,
na mdomo wangu, bila ruhusa yangu, unajikunja.

Ananieleza huku akiandika:
kicheko cha kweli, ubongo haukiulizi kitambulisho;
unakipokea, unaiamsha misuli ya uso ijibu.
Cha uongo kinasimamishwa getini.
Hapa mbele, nyuma ya paji, maswali yanaanza:
huyu anataka nini kwangu?
Nikamwambia, basi paji langu limefanya kazi kuliko cherehani.

Cha thelathini na moja.
Mwanamke. Kwanza kimya, kisha kama mtu anayejikwaa,
kisha kinapasuka, kinakoroma, kinaomba maji.
Kidole kilikwenda kushoto kabla sijakituma.
Nikacheka naye, sijui tunacheka nini.

Kijana akaacha kuandika.
"Huyo ni wewe.
Kidia, siku ya tatu ya matanga ya baba mdogo,
shemeji Ndeanka alipoteleza na sufuria la machalari
akaketi ndani yake kama mtoto kwenye beseni.
Simu yangu ilikuwa inarekodi kwaya."

Miaka miwili nimewaambia wote, hata mchungaji:
nilijichekesha tu, wageni wasione haya.
Nimelisema mpaka likawa hivyo.
Mjane wa siku tatu atachekaje,
udongo bado mbichi pale kihambani?

Na sasa sikio langu lenyewe limenisaliti.
Au limenitetea.
Yeye mwenyewe angekuwepo angelala chini,
angepiga ardhi kwa viganja,
angesema Ndeanka, usiinuke kwanza, chumvi imekolea?

Mteja akachungulia, akauliza bei ya kile cha bluu.
Nikafungua mdomo kukivaa kile cha saa mbili.
Hakikuja.

"Vimebaki tisa, Mama mdogo. Tuendelee?"

Kulia kwanza, nikamwambia.

Akatazama kitufe.