Nambari Hamsini na Saba

Orodha ilibandikwa Jumatatu,
karatasi nne, pini mbili,
kwenye ubao wa ofisi ya kilimo, Njiru,
juu ya tangazo la mbwa aliyepotea.
Ruzuku ya Kilimo Hai. Wanufaika. Kiasi.
Wino hafifu, kana kwamba mashine iliona haya.

Nilikuja na mikono ya kazini:
kucha zina mboji, viganja vinanuka
mkojo wa sungura nilionyunyizia terere alfajiri.
Askari wa lango akasogea kando kidogo.
Nikamwambia, hii ndiyo harufu ya mbolea isiyo na risiti.

Nikasoma kwa kidole, jina baada ya jina.
Gachanja wa ng'ambo ya reli: huyu nampa hongera,
nyuki wake huzuru maboga yangu bila kubisha hodi.
Kisha Ekari Tano Hai, kampuni: milioni mbili.
Anwani naijua. Ni ghorofa, Kilimani;
shamba lake lote ni mnanaa katika chungu
mlangoni pa daktari wa meno.
Kisha Odera Nyaidho. Marehemu Odera,
tuliyemchangia jeneza mwaka juzi.
Kumbe analima kabichi huko aliko,
na huko, lazima nikiri, hakuna dawa za sumu.

Nilicheka peke yangu. Halafu kidole kikafika
hamsini na saba.
Syombua Kitheka. Robo ekari.
Shilingi laki moja na themanini elfu.
Amepokea.

Amepokea.
Neno moja tu, na limenifungia mlango kwa nje.

Nilichopokea mimi ni mapipa mawili ya buluu,
moja lina ufa,
na kofia yenye nembo,
na picha: mimi, kofia, mkono wa afisa begani.
Sahihi niliitia juu ya boneti ya gari la serikali,
karatasi ikiwa nyeupe kama unga.
Kalamu ilikuwa yao.

Nilifika nyumbani orodha imenitangulia.
Picha ya simu haina miguu lakini hufika.
Nyanchama, tuliyezoea kugawana mbegu za managu kwa kijiko,
alinisalimu kwa mbali.
Binamu wa Kitui akaulizia karo.
Fundi wa tangi akakumbuka deni nisilodaiwa.
Na kwenye kikundi, tunapokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa,
mazungumzo yalikatika nilipoinama kutafuta ndoo yangu.

Usiku nikawaza: heri wasingebandika.
Heri giza; giza halimwiti mtu tajiri.
Kisha nikageuka kitandani nikajionea aibu,
mimi ninayefundisha vijana kutengeneza mboji.
Mboji ukiifunika usiigeuze
inaoza kwa hasira, inatoa maji meusi.
Igeuze ipate hewa, itanuka mtaa mzima.
Lazima inuke.
Halafu siku ya arobaini unaitia mkononi
na ni mchanga uliopigwa na mvua ya kwanza.

Jumatano nikarudi na daftari langu la mauzo,
lenye madoa ya nyanya na tarehe zote,
na Nyanchama nyuma yangu.
Alikuja kuhakikisha, si kunisindikiza,
nami sikumlaumu.
Nataka kuona hiyo sahihi, nikasema.
Kifungu cha thelathini na tano,
nikakitaja kama mtu anayetaja jina la shangazi yake.
Karani akasema bosi yuko semina, Naivasha.
Semina ya nini?
Ya uwazi.

Tukakaa kwenye benchi.
Nyanchama akafungua fundo la leso: karanga.
Akanisogezea fungu langu.
Bado hajaniamini kabisa,
fungu langu lilikuwa dogo kuliko lake.

Ubaoni, feni iliinua ukurasa wa tatu,
ikauachia, ikauinua.
Nikaazima kalamu kwa askari wa lango.
Pembeni pa Amepokea,
kwa mkono huuhuu wenye mboji,
nikaandika: mapipa mawili. Moja lina ufa.