Huenda

Neno la muuguzi Nasambu lilikuwa moja,
wala si ndiyo, wala si hapana.
Alilitua mezani taratibu, kama yai:
huenda.

Alikuwa ameniuliza maswali ambayo kwa miaka sita
sijaulizwa na mganga, na mchungaji, na mama mkwe.
Hakuuliza nilitoa mimba ya nani.
Hakuuliza ni nani aliyenilaani.
Aliuliza: unapika nini? Wapi? Kwa kuni gani?

Nikamwambia.
Obunga, makarai matatu.
Kiwanda kikishachuna minofu ya mbuta
na ndege kuibeba kwa wenye nazo,
sisi hununua kilichobaki,
mgongo wazi, mifupa yenye macho.
Naukaanga kwa mafuta yake mwenyewe
mpaka uvunjike mdomoni kama biskuti.
Kuni zikiwa mbichi nawashia mpira wa tairi,
chupa ya soda,
kiatu cha mtu nisiyemjua.
Moshi wake haupandi. Hukaa nasi
kama mgeni anayengoja nauli.
Nikipenga kamasi jioni, ni wino.

"Kila siku?"
Isipokuwa Jumapili, sista.
"Na mumeo?"

Obiero huchomelea milango Kibuye,
huipulizia rangi bila kitambaa puani.
Usiku tunakutana chini ya neti,
mimi nanuka samaki, yeye chuma,
tunatafutana kwa mikono.

"Wameona," akasema Nasambu,
"penye hewa chafu wanawake wengine hukawia.
Wameona mbegu za wanaume zikilegea.
Lakini mwili si jiko, mama,
huwezi kufunua ukaona kinachoungua.
Kukuapia siwezi. Huenda.
Mwambie naye aje."

Wiki tatu Obiero alikataa.
Kwao hakujazaliwa mwanamume wa kupimwa.
Halafu Alhamisi moja, bila kuaga,
alivaa shati la harusi yetu
akaenda Russia peke yake,
akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nane.
Chache. Nyingine zina vichwa viwili.
Nyingi hazijui kuogelea.
"Na mimi nimezaliwa kando ya ziwa," akasema.
Tukacheka. Kisha hatukucheka tena hadi asubuhi.

Jumamosi mama yake alikuja na chupa ya manyasi,
chungu, nyeusi, ya kunywa kabla ya kuongea na mtu.
Nilikwisha nyoosha mkono, mkono uliozoea.
Obiero akaidaka.
"Hii ni yangu, Mama," akasema,
akainywa mbele yake, yote, amesimama.
Sijui kama ilimsaidia.
Mimi ilinisaidia.

Kuacha makarai siwezi,
karo ya mdogo wangu imo mle ndani, na kodi, na unga.
Basi akapasua pipa, akachomelea bomba,
safari hii amejifunga leso yangu usoni,
akalisimamisha juu ya jiko mpaka kupita paa.
Siku ya kwanza niliona karai langu lote,
niliona vidole vyangu.
Nikavuta pumzi, ikaingia kama maji.

Ndipo nikasikia kikohozi upande wa pili.
Awuor, mwenye mimba ya miezi saba,
alikuwa anaanua nguo kwenye kamba yake
na moshi wangu unamshukia begani.

Huenda. Sasa ndio nimelisikia vizuri.
Moshi huenda. Hauishi, huenda,
kwa jirani, kwa mtoto ambaye hajapewa jina.

Nilimwaga maji motoni, samaki nusu mbichi,
na hasara ya siku ile ni mia tisa.
Jioni Obiero alivuka ua na utepe wa kupimia,
akapima jiko la Awuor, akatazama mabati yake,
akatazama mabati ya yule anayefuata,
na yule anayefuata,
akakuna kichwa.

"Tutahitaji bomba refu," akasema.
"Refu kiasi gani?" nikamuuliza.
Alikuwa bado anatazama juu.