Nyuki wa Kukodi

Mwangaluka, akasema, jogoo wangu hata hajamaliza sentensi yake.
Ni Nyamizi wa ng'ambo ya mto Wala,
ndala mkononi, umande hadi magotini.
Nikafuata ndoo. Lita ngapi?
Akacheka kwa pua. Asali weka.
Nataka nyuki.
Nyuki wazima, na mzinga wao, wiki tatu.
Nitakulipa.

Miaka thelathini na mmoja nimekwea miti ya watu na ya Mungu,
nimechomwa kope, ulimi, na pale pasipotajwa.
Nimeuza asali ya muyombo na nta hadi Tabora mjini;
wapo walionililia bei, wapo walioniibia mizinga.
Hakuna aliyewahi kuniomba vibarua.

Akafungua pindo la khanga. Hamkuwa na pesa:
matikiti matano, kila moja kama kidole gumba,
ya manjano, yamelegea, yamekunjamana shingoni.
"Ua la kike," akasema, "linafunguka
na kitikiti chake tayari kiunoni.
Linasubiri. Alfajiri mpaka saa tano.
Mgeni asipobisha hodi linafunga mlango,
na keshokutwa naokota hiki."

Alijaribu unyoya wa kuku.
Gusa dume, gusa jike, dume, jike,
mgongo umepinda mistari minane,
mumewe Kapela ukingoni anauliza kama maua yameugua.
Shamba ekari mbili na nusu, asubuhi ni moja.
"Unyoya haujui njaa," akasema. "Ndiyo maana unachelewa."

Sikumuuliza nyuki wa kwao wamekwenda wapi.
Msitu wa upande ule umeingia mabanini kukausha tumbaku,
gogo kwa gogo, muyombo, mtundu,
na dawa ya wadudu haisomi majina mlangoni.
Mimi mwenyewe niliuza kuni kule, misimu miwili.
Hilo sikumwambia.
Nalisema hapa.

Tukabishana. Asali ina kipimo, nta ina mizani;
mguu wenye unga wa manjano, nani aliwahi kuupimia ujira?
Nikataja elfu ishirini. Akataja matikiti.
Tukaishia tikiti moja katika kila kumi,
na sharti: wiki hizo asipulize dawa, wala jirani yake.
"Jirani nitamkalia mlangoni," akasema,
nami nikamwamini.

Usiku nikaziba mdomo wa mzinga kwa kipande cha chandarua,
nikaufunga kwenye keria kwa mpira wa tairi.
Kilomita tisa. Mwezi kiduchu. Kila shimo
gome zima linanguruma chini chini
kama darasa lililokatazwa kucheka.
Methali inasema fuata nyuki ule asali.
Haikusema iko siku nyuki watakufuata wewe,
wamekaa nyuma, wewe unakanyaga pedali,
na asali hakuna aliyeitaja.

Kulipopambazuka nikazibua.
Wa kwanza akatoka, akazunguka, akaitazama nyumba yake
ilipohamia, kama mpangaji anayehesabu madirisha.
Kisha ua. La kiume. Akatoka amevaa suruali ya manjano.
Kisha jingine, lile lenye kitu kiunoni.
Nyamizi alikuwa amechuchumaa,
unyoya bado umechomekwa kwenye nywele.
Nyuki akaingia, akageuka, akapotea mle ndani
muda wa mtu kumeza mate,
akatoka.

"Mmoja hatoshi," nikamwambia.
"Ua moja linataka wageni wanane, hata zaidi.
Wakija wachache, tikiti linakua limepinda upande."
"Basi tuhesabu," akasema.

Tukahesabu, kila mtu na ua lake.
Saa tatu hivi
hesabu ikanipotea.