Shingo Iliyonyolewa

Tuna mbwa watano na kochi moja,
kwa hiyo sisi wawili hukaa sakafuni.
Idwal anasema ndicho kiinua mgongo chake:
miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuri la chuma, Port Talbot,
na malipo ni kuegemea radieta
huku paja likimfa ganzi chini ya kichwa cha Triog.

Walikuwa mbwa wa mbio.
Namba zao zingali masikioni, wino wa kijani,
na uwanjani waliitwa majina marefu yenye radi na mishale.
Mimi nilipika shuleni maisha yangu yote,
nikawabatiza upya kwa vitu vya kabatini:
Halen, yaani chumvi kwa Kiwelisi chetu;
Sinsir, tangawizi; Nionyn, kitunguu;
Pwdin, ambaye hahitaji mkalimani;
na Triog, sukari guru iliyoyeyuka,
mweusi, mtamu, mzito wa kutoka kitandani.

Wageni huuliza: mnawakimbiza wapi?
Hatuwakimbizi. Wanalala.
Wanalala chali, miguu juu, kama viti vilivyopinduliwa baa ikifungwa,
na mvua ikinyesha hawatoki kukojoa
mpaka niwavishe makoti, mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea.

Ila Jumapili ya damu huamka wenyewe.
Ukumbi wa kanisa, viti vimesogezwa ukutani,
Angharad na mashine yake ya kunyolea:
kiraka kimoja shingoni, sawa na kadi ya benki.
Sindano inaingia. Halen anatazama dari
kama mtu anayesubiri basi asilo na haraka nalo.
Kifuko kinajaa, kinapimwa, kinafungwa.
Soseji. Kitambaa chekundu. Nyumbani, kochi.

"Damu yao nzito," Angharad husema, "imejaa chuma."
Idwal yuko nje kwenye maegesho, ameupa mlango kisogo.
Chuma cha kuyeyuka alikichota kama uji,
lakini sindano, hata ya mbwa, humlaza chini.
Mwaka ule alipojaribu kutoa yake
alizinduka amemshika nesi kifundo cha mguu, akiomba radhi.
Tangu hapo anasema: hawa watano wananitolea.

Mji ni mdogo; siri ya kifuko haikukaa.
Kijibwa cha Bi Prydderch kilikula sumu ya panya,
kikavuja ndani kwa ndani, ufizi mweupe kama karatasi,
na aliyemiminwa mle usiku ule alikuwa Triog.
Wiki ya tatu tukakutana ufukweni, upepo unatuparura kwa mchanga.
Nilitarajia nini? Walau mkia.
Kijibwa kilimwona, kikamrukia, kikamng'ata mundi,
kikabweka matusi mpaka sauti ikakauka,
kwa nguvu zilezile kilizokopeshwa.
"Damu zao hazipatani," Bi Prydderch alisema, ameiva kwa aibu.
Nikamwambia: zimepatana sana, mama. Shida ni wenyewe.
Triog alijificha nyuma ya magoti yangu, akitetemeka,
ndugu wa kuchanjia, kilo thelathini na mbili.

Mwezi uliopita Halen alitimiza miaka minane. Basi, amestaafu.
Jumapili ilipofika aliingia garini wa kwanza,
akasimama kwenye foleni, shingo mbele.
Angharad aliwasha mashine, akaipitisha hewani
bila kugusa unywele,
akampa soseji.

Ukitaka kujua ni mwezi gani kwetu, usitazame ukutani.
Shika shingo. Ya Sinsir ni laini kama kidevu cha mvulana,
ya Nionyn inachoma kama ndevu za siku ya pili,
ya Halen imeota, imefunga kabisa.
Tanuri la mwisho lilizimwa; dirisha letu halina tena wekundu ule wa usiku.
Idwal huweka kidole gumba pale, gizani,
anahesabu mapigo kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Halafu Pwdin anajamba
na tunafungua dirisha.